Ukurasa wa Mama Kampire Una Kodi Kuliko Maneno

Gaudiosus R. Kabyemera,
Karani Mkuu Daraja la Pili (Mstaafu),
Kijiji cha Kyabishura, jirani na Ndama,
Karagwe, Kagera.

3 Juni 1999

Kumb. Na. GRK/KOMP/MAL/07/99

Ndugu Mhariri,

YAH: MTAALAMU WAKO WA KOMPYUTA NA UKURASA WA MAMA KAMPIRE

Natumaini u mzima, wewe na wote mnaohangaika na gazeti hapo ofisini. Sisi huku hatujambo. Masika yametuachia maharage ya kutosha, na kahawa ya upande wa jua imeanza kuiva. Mke wangu Costansia anakusalimu, ingawa hajui kama wewe ni mtu wa chai au wa maziwa, na angependa kujua. Baada ya salamu hizo, ambazo huko mbele nitaeleza kwa nini si za bure, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Gazeti lako hufika mjini Kayanga likiwa na umri wa siku nne, na kwangu likiwa na umri wa wiki, lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Nilikuwa karani kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepiga taipu barua ambazo wakubwa walitia sahihi bila kuzisoma, nami nilizisoma zote. Kwa hiyo ninapolalamika juu ya maneno najua ninachokilalamikia.

Jirani yangu ni Mama Kampire. Kibanja chake cha migomba na changu vinatenganishwa na mstari wa milamula tu, ile mimea tunayopanda mipakani, na kuku wetu hawautambui mpaka huo. Alikuja nchi hii mwaka 1961 akitokea Rwanda, msichana wa miaka kumi na minne, pamoja na mama yake Nyirabageni na ng'ombe mmoja jike aliyeitwa Bihogo. Mdogo wake wa kiume, Sibomana, hakufika. Kwenye njia panda moja huko nyuma lilisimama lori la mapadri lililokuwa likielekea Burundi, lenye nafasi ya mtoto mmoja. Wakampakia Sibomana kwa kuwa alikuwa na homa. Kampire na mama yake wakaendelea kwa miguu, tena polepole, kwa kuwa Bihogo alikuwa na mimba na siku zake zilikuwa zimetimia. Waliahidiana kukutana baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo sasa zina miaka thelathini na minane.

Mpaka leo gari likisimama barabarani Mama Kampire huacha jembe, akaja mpaka mwisho wa migomba kutazama anayeshuka. Nimemwona akifanya hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Akishaona ni mtu mwingine humsalimu vizuri, kisha hurudi kwenye jembe lake.

Krismasi iliyopita alikuja likizo Yustus, mtoto wa dada yangu, ambaye anafanya kazi Mwanza katika ofisi yenye kompyuta na intaneti. Akatueleza kwamba siku hizi mtu anaweza kuandika ukurasa, ukawekwa kwenye mtandao, na aliyeko Ulaya akausoma siku hiyohiyo. Mama Kampire, ambaye husikiliza kuliko anavyosema, alimwuliza swali moja: na aliyepotea je, anaweza kuusoma? Yustus akasema anaweza. Basi Mama Kampire akatamka, Yustus akaandika, na ukurasa wenyewe ulikuwa hivi:

Namtafuta mdogo wangu Sibomana, mtoto wa Nyirabageni. Tuliachana njia panda mwaka 1961, ukapakiwa lori la mapadri. Mimi ni Kampire dada yako. Nipo Karagwe, kijiji cha Kyabishura. Mama alifariki mwaka 1974 akikutaja. Bihogo alizaa.

Utaona kwamba anaanza kwa kusema na watu wote na kumaliza akisema na mtu mmoja. Nilitaka kumsahihisha, Yustus akanikataza.

Sasa, Ndugu Mhariri, kurasa za dunia ni nyingi, na ili kuupata mmoja kuna mtambo wa kutafutia. Unaandika neno, nao unakupangia foleni ya kurasa zenye neno hilo. Yustus aliporudi Mwanza akaandika neno Sibomana, na ukurasa wetu ukatokea wa mia mbili na kumi na nne. Alituandikia kwamba watafutaji wengi huchoka kabla ya kufika wa ishirini. Mama Kampire alipoelezwa alisema foleni anazijua tangu utotoni, ila hajawahi kupewa namba kubwa kiasi hicho.

Ndipo nikakumbuka safu yako ya kompyuta. Nikamwandikia mtaalamu wako kwa heshima zote, nikamweleza hali halisi, kurasa mbili na nusu. Akajibu katika toleo la tarehe 18 Machi, na jibu lake lote ni hili: "Ukurasa wenu una kodi nyingi kuliko maneno. Mtambo hupima uwiano wa maneno kwa kodi, na ukurasa wenye kodi nyingi hurudishwa nyuma. Ongezeni maneno." Kwa kanuni hiyo ya mistari miwili kijiji chetu hakijakaa sawa tangu siku ile. Malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Neno lenyewe. Jibu la mtaalamu lilisomwa kwa sauti dukani kwa Kokushubira, mbele ya watu waliokuja kununua chumvi. Walichosikia ni kwamba ukurasa wa Mama Kampire una kodi. Ndugu Mhariri, wewe unakaa mjini, labda huko neno hilo lina maana nyingi. Kwetu lina maana moja, nayo huja asubuhi ikiwa na mgambo. Kufika kesho yake mtendaji mmoja, ambaye kata yake siitaji, alikuwa uani kwa Mama Kampire na mgambo wawili, akitaka kuonyeshwa ukurasa. Mama Kampire akatoa stakabadhi zake zote, mwaka kwa mwaka. Mtendaji akasema hizo ni za kichwa chake, yeye anataka ya ukurasa. Nilipomweleza kwamba ukurasa uko Mwanza ndani ya kompyuta, aliandika kwenye daftari lake: "Mali haikuonekana." Kisha akaagiza ukurasa uhamishiwe kijijini ili ijulikane unaishi wapi. Gaspari, katekista wetu, mtu wa Mungu kabisa, alificha baiskeli yake migombani siku tatu kwa hoja kwamba wakianza na kurasa hawatasahau magurudumu.

Ilibidi Yustus aandike kutoka Mwanza kueleza kwamba kodi ya kompyuta si kodi, ni maagizo ambayo msomaji hayaoni: hapa herufi iwe nene, hapa acha nafasi, hapa paka rangi. Akatutumia maagizo hayo yamechapwa, karatasi kumi na moja zenye mishale mitupu, na humo ndani maneno ya Mama Kampire yametawanyika kama punje za maharage zilizomwagika njiani. Watu wengine walishangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo, na sababu nitaieleza kwenye lalamiko la nne.

2. Kipimo. Mtaalamu alisema "uwiano" akaishia hapo, bila kusema unapimwa kwa nini. Kuuliza si ujinga, nikamwandikia kuuliza, hakujibu. Basi nikatumia akili ya kawaida. Nilichukua mkasi nikakata karatasi zile, maneno mbali na kodi mbali, nikayapeleka kwenye mizani ya Kokushubira, ile ya kupimia chumvi, yenye masahani mawili. Sahani la kodi likashuka mpaka likagonga meza. La maneno likapanda likabaki likining'inia. Mama Kampire alikuwepo. Aliviangalia vile vipande vya karatasi vilivyokuwa juu hewani, halafu akasema anakwenda kutazama mbuzi.

Sikukata tamaa. Nikamwagiza Yustus ayaandike maneno yale kwa herufi kubwa, yachukue karatasi nyingi. Akafanya hivyo, na safari hii mizani ikasimama sawasawa, watu wakapiga makofi dukani. Ukurasa ukabaki wa mia mbili na kumi na nne. Nilipomwandikia mtaalamu, alijibu kwa mstari mmoja kwamba uzito wa karatasi hauhusiki, na kwamba herufi kubwa zimeongeza kodi. Kwa nini hakusema mwanzoni? Mtu anayekuelekeza njia akanyamazia shimo, huyo hakukuelekeza.

3. Kuongeza maneno. Kwa kuwa tuliambiwa tuongeze, tuliitisha mkutano. Penye wazee hapaharibiki neno, ndivyo walivyosema wazee, lakini wazee hawakuwahi kuandika ukurasa wa intaneti. Mimi nilipendekeza salamu, na hoja yangu naisimamia. Ukurasa wa Mama Kampire ulianza na shida moja kwa moja. Huku kwetu mtu akiingia uani kwako akaanza na shida kabla hajauliza watoto wameamkaje na migomba inaendeleaje, utamsikiliza kweli, lakini utamsikiliza ukiwa umesimama. Nikaona labda mtambo nao umelelewa. Tukaweka salamu za kijiji kizima, jina kwa jina, kuanzia wakubwa.

Kisha Gaspari akaleta mahubiri ya Kwaresima, mafupi kwa kipimo chake. Costansia akatoa orodha ya ndizi zote zinazoota kibanjani kwetu, za kupika, za pombe na za kuchoma, na sifa za kila moja. Apolinary, mwenyekiti wa chama cha mazishi, akaweka tangazo kwa wanachama wasiohudhuria. Mtu mmoja ambaye mpaka leo hajajitaja akaingiza habari za beberu wake mweusi aliyepotea. Yustus akayapokea yote, maskini, kwa kuwa mimi ni mjomba wake.

Ukurasa ukatoka namba mia mbili na kumi na nne ukaenda mia mbili na thelathini na moja. Tukaanza kupata barua. Mwanafunzi mmoja wa Uholanzi alitaka kujua zaidi juu ya ndizi za Costansia. Mwingine aliuliza kama beberu alipatikana. Juu ya Sibomana hakuna aliyeuliza. Nilipomsomea Mama Kampire ukurasa mpya, kazi iliyochukua muda wa sufuria ya maharage kuiva, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Sasa mimi niko wapi humo, mzee?" Nikamwonyesha kwa kidole. Ilinichukua muda kumpata.

4. Kanuni yenyewe si ya kweli. Hapa ndipo nasema kama mtu wa kazi. Mtaalamu anadai kwamba karatasi yenye maagizo mengi na maneno machache hurudishwa nyuma. Mimi nimekaa ofisini miaka thelathini na mmoja, sijaona hata moja iliyorudishwa nyuma kwa kosa hilo. Nitakupa mfano, na ofisi siitaji kwa kuwa bado nakula pensheni yake. Mwaka fulani mvua ya mawe iliangusha migomba ya vijiji vitatu. Wananchi wakaandika barua ya kurasa nne, maneno matupu, hakuna muhuri, wakieleza nani amepoteza nini na watoto watakula nini mpaka mwezi gani. Mimi ndiye niliyepiga taipu jibu. Juu kulikuwa na nembo. Chini ya nembo anwani, chini ya anwani simu ambayo haikuwahi kulia, chini yake "Unapojibu tafadhali taja", kisha Kumb. Na. ya mstari mzima, kisha Yah, kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Halafu yakaja maneno yenyewe: "Barua yenu imepokelewa." Kisha sahihi, kisha Kny, kisha mihuri miwili, kisha nakala kwa watu tisa.

Unajua barua hiyo ilishika nafasi ya ngapi? Ya kwanza. Ilikaa juu kabisa ya jalada, na kijijini mwenyekiti aliitundika ukutani. Ile ya wananchi ilikuja kufungiwa karanga. Debe tupu haliachi kuvuma, lakini ofisini hulipigia saluti. Kwa hiyo kama kanuni ya mtaalamu wako ni ya kweli, basi ofisi zetu zote zingekuwa za mia mbili na kumi na nne, na mkulima mwenye kurasa nne za maneno angekuwa wa kwanza. Mwulize kama ameona nchi hiyo, atuambie basi lake linapandiwa wapi.

5. Kopo la Mama Kampire. Lalamiko hili nilikusudia kuliacha, kisha nikaona bila hili mengine ni porojo. Mama Kampire ana kopo la maziwa ya unga anamohifadhi karatasi zake, lile alimotoa zile stakabadhi za kumwonyesha mtendaji. Humo mna kadi ya mkimbizi, vibali vya kukaa, vibali vya kutoka, barua za utambulisho za balozi wa nyumba kumi, fomu za uraia nakala tatu na cheti chenyewe. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu, zote zimegongwa muhuri. Ukizitandika karatasi hizo zinafunika kitanda. Nilizisoma zote nikitafuta maneno yake mwenyewe, mahali popote alipoulizwa anataka nini.

Nilipakuta mahali pamoja tu. Ni ombi la kibali cha kwenda Burundi, la mwaka 1976. Kuna sehemu inayosema "Sababu ya safari", na nafasi ya kujaza ni fupi kama kidole. Alitaka kuandika kwamba anakwenda kumtafuta mdogo wake, aliyepakiwa lori akiwa na homa. Karani akamwambia maneno hayo hayatoshei pale, aweke "Shughuli binafsi". Akaweka. Ombi likakataliwa kwa sababu shughuli haikuelezwa. Karani huyo nilikuwa mimi. Nasema wazi kwa kuwa msema kweli mpenzi wa Mungu, na kwa kuwa fomu ipo kwenye kopo na ina mwandiko wangu. Mama Kampire hajawahi kulitaja jambo hilo, na kila mavuno hunipa maharage. Ningependa zaidi angenitukana.

Kwa hiyo mtaalamu wako anapomwandikia mwanamke huyu kwamba ana kodi nyingi kuliko maneno, anamwambia kitu anachokijua kuliko yeye. Maisha yake yote yamekuwa karatasi kumi na moja za maagizo ya watu wengine na mistari sita ya kwake.

6. Sentensi ya ng'ombe. Baada ya mambo ya beberu, mtaalamu aliandika kwa mara ya mwisho kwamba maneno yanayoongezwa "yawe na manufaa kwa msomaji". Hilo nalikubali, ndivyo tulivyofundishwa kozi ya ukarani. Nikachukua kalamu nyekundu nikapitia ukurasa wote. Mahubiri yana manufaa. Ndizi zina manufaa, mashahidi wako Uholanzi. Hata beberu ana mwenyewe. Nilipofika kwenye "Bihogo alizaa" nikasimama. Hiyo ni habari ya manufaa kwa nani? Ng'ombe huyo amekwisha kufa zaidi ya miaka ishirini. Haina tarehe wala mahali, na mtu anayeishi jirani na kata iitwayo Ndama hana haja ya kuitangazia dunia kwamba ng'ombe huzaa.

Kwa muda nikaishusha chini kabisa, baada ya beberu, kwa herufi ndogo. Kisha nikamshauri Mama Kampire tuitoe kabisa. Tangu nimfahamu hajawahi kunikatalia jambo. Safari hii alikataa. Alisema naweza kutoa jina lake yeye, lakini sentensi hiyo nisiiguse, kwa kuwa Sibomana alipokuwa akipandishwa kwenye lori hakulilia kuachwa, alilia kwamba Bihogo atazaa yeye hayupo. Nilimweleza kwa upole kwamba huo ni utoto na mtambo haupimi utoto. Nami, kwa faida yake mwenyewe na kwa kufuata ushauri wa gazeti lako, Jumatatu iliyopita nilimwandikia Yustus kumwamuru aifute sentensi hiyo. Barua imekwenda kwa basi. Nataka ujue kwamba kama nimekosa, nimekosa kwa kukusikiliza.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, mtaalamu wako achapishe kipimo kamili cha uwiano, kwa ratili au kwa kilo. Pili, kama kanuni yake ni ya kweli, itumike kwanza kwa ofisi, na kila barua yenye mihuri kuliko maneno irudishwe nyuma ya foleni, mwandikaji wake akiwa ameishika mkononi, asimame juani na watu wengine. Tatu, hotuba za wageni rasmi nazo zipimwe, tukianza na zile za dakika arobaini za kutaja waliohudhuria. Nne, mtambo wa kutafutia uhamishiwe Kayanga, mahali panapofikika kwa miguu, ili mwenye malalamiko aweze kukutana nao ana kwa ana. Tano, uwe na karani wake, mzoefu, anayejua watu wa huku na asiyehitaji kozi. Kwa unyenyekevu, nafasi hiyo naweza kuifikiria.

Mwisho, wasalimie wote hapo ofisini, kuanzia kwako kushuka mpaka kwa mlinzi wa getini, na mwambie mtaalamu kwamba sina kinyongo naye ila nataka aione mizani ile. Gaspari anakusalimu. Apolinary anakusalimu. Kokushubira anauliza kama gazeti linaweza kufika likiwa kavu. Mama Kampire hakusema niandike chochote, lakini alinipa kiti nilichokalia wakati naandika, na hiyo nayo ni salamu.

Ni mimi mtiifu, ingawa nimeudhika,

G. R. Kabyemera
(Muhuri umesalia ofisini nilipostaafu)

Nakala kwa:
Mtaalamu wa Kompyuta, hapo kwako
Yustus, Mwanza
Mtambo wa Kutafutia, popote ulipo
Jalada

Nyongeza: Nilikuwa nimekwisha kuifunga bahasha, nimelazimika kuichana. Kondakta wa basi ameniletea sasa hivi barua ya Yustus. Imeandikwa Jumapili, yaani kabla ya amri yangu kutoka, na sentensi ya ng'ombe ilikuwa bado ipo kule chini nilikoitupa. Anasema kuna msichana anasoma chuo huko Ubelgiji. Baba yake ana kawaida ya kuwasimulia watoto juu ya ng'ombe aliyemwacha njia panda na mimba yake. Hakuwahi kumtafuta dada yake, kwa kuwa aliambiwa zamani kwamba waliobaki nyuma ya lori hawakufika kwenye mto wa mpakani. Siku moja msichana, kumchekesha tu mzee, aliandika kwenye mtambo jina la ng'ombe. Kwa neno Sibomana sisi ni wa mia mbili na thelathini na moja. Kwa neno Bihogo sisi ni wa kwanza, na wa pili hayupo.

Yustus anasema kodi za ukurasa huo sasa zimeyazidi maneno kuliko wakati wowote, na mtambo haukuuliza. Kwa hiyo naomba barua yote hapo juu uione kama haikuandikwa, isipokuwa lalamiko la tano. Namsamehe hata mtaalamu. Naondoka sasa hivi kwenda Kayanga kumpigia Yustus simu asifute kitu, kwa kuwa amri yangu ya Jumatatu itakuwa imemfikia leo, na ndiyo maana mwandiko huu umepinda.

Ujumbe wa Sibomana ni mstari mmoja, hauna hata salamu. Anauliza: "Alizaa jike au dume?"

Nilimsomea Mama Kampire kibanjani. Aliketi palepale chini, juu ya majani makavu ya migomba, jembe mapajani. Nilipoona ametulia nikatoa kalamu, nikamwuliza tujibu vipi, na tuanze na salamu za nani. Amesema niandike "Jike", na nisiweke Kumb. Na.